Somo la wiki: Kutembea Guangdong kwa hesabu ya kahawa ya Mbinga

Wafanyabiashara wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa wanaoteremka Kariakoo kuchukua mali huulizana swali moja: kwa nini tusiende wenyewe kule mali inakotoka? Swali hilo ni la haki. Taa za sola, viatu vya plastiki, vigae, vikombe na chaja za simu zilizopangwa madukani Mbinga mjini na Mbamba Bay, sehemu kubwa zimetengenezwa China, na nyingi kati ya hizo zimetoka katika jimbo moja la pwani ya kusini, Guangdong. Anayenunua Kariakoo anajua kuwa kati yake na kiwanda yupo mtu ambaye amekwisha kula faida yake.

Katika somo la wiki hii tutapita katika jimbo hilo mji kwa mji. Lakini kabla ya kupanda ndege tutapiga hesabu, kwani safari hii inaweza kummaliza mtaji mtu ambaye hakudanganywa na yeyote. Bei aliyopewa ilikuwa ya kweli, mali ilikuwa nzuri, meli haikuzama, na bado akarudi nyuma ya pale alipoanzia.

Tumchukue mfanyabiashara wa kufikirika mwenye duka la vyombo Mbinga mjini, ana shilingi milioni 40. Tuseme tiketi, viza, hoteli kwa siku 12, chakula, treni na mkalimani vinamgharimu milioni 6. Zinabaki milioni 34. Wengi hudhani hizo 34 zote ni za mali. Sivyo. Tuseme usafiri wa meli na bima ni asilimia 15 ya bei ya kiwandani. Mali ikifika bandarini, ushuru wa forodha hupigwa juu ya jumla ya bei, bima na usafiri, wala si juu ya bei aliyolipa kiwandani peke yake. Ushuru wa Afrika Mashariki una ngazi zake: asilimia 0, 10, 25, na tangu Julai 2022 iko pia ngazi ya 35 kwa baadhi ya bidhaa. Tuchukue 25, ambayo bidhaa nyingi zilizokamilika hulipa. Juu ya hapo inakuja VAT ya asilimia 18, nayo inapigwa baada ya ushuru kuongezwa. Kisha tuseme wakala wa forodha, tozo ndogo ndogo na lori hadi Mbinga vinachukua asilimia 12 nyingine ya bei ya kiwandani.

Ukijumlisha yote, mali iliyonunuliwa kwa shilingi 1,000 kiwandani inafika Mbinga ikiwa imekula shilingi 1,816. Kwa hiyo milioni 34 zinatosha kununua mali ya milioni 18.7 tu. Ukirudisha na zile milioni 6 za safari, kila shilingi 1,000 ya kiwandani imekuwa 2,137 kabla hujaweka hata senti moja ya faida, kodi ya pango au mshahara wa kijana wa dukani. Kama kitu hicho hicho ukikichukua Kariakoo na kukifikisha Mbinga kinakusimamia shilingi 2,000, basi umekwenda Guangzhou kununua kwa bei kubwa kuliko ya Mtaa wa Kongo.

Ni vema ikaeleweka kuwa viwango vya usafiri na gharama za safari hapo juu ni vya mfano, na kila mtu aweke vyake. Mpangilio wa hesabu ndio usiobadilika. Aliyesajiliwa VAT anaweza kudai ile aliyolipa bandarini katika ritani zake. Asiyesajiliwa inabaki kuwa gharama yake.

Sasa wachukue watatu wenye milioni 40 kila mmoja, wakamtuma mmoja wao. Milioni 120, safari ni ile ile milioni 6. Mali inayonunuliwa ni ya milioni 62.8, na shilingi 1,000 ya kiwandani inafika Mbinga kwa 1,912. Hapo wameipita Kariakoo, ingawa si kwa mbali. Wakifikisha mzigo wa kujaza kontena zima badala ya kuchangia kontena la watu, tofauti huongezeka. Aliye peke yake na mtaji chini ya hapo, ushauri wa ukurasa huu ni kwamba aendelee na Kariakoo na asione haya. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeleta makontena kumi kwa mwaka ameigawa gharama ya safari mpaka haionekani tena.

Kalenda ya kahawa na kalenda ya China

Jambo la pili ni tarehe, na hapa ndipo mtu wa Mbinga anapotofautiana na mwenzake wa Dar es Salaam au Arusha.

Maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, ambayo wengi huyaita Canton Fair kwa jina la zamani la mji huo, yalianza mwaka 1957 na hufanyika mara mbili kwa mwaka: kuanzia Aprili 15 na kuanzia Oktoba 15. Kila msimu una awamu tatu. Ya kwanza ni ya vifaa vya umeme, mashine na magari. Ya pili ni ya vyombo vya nyumbani, zawadi, samani na vifaa vya ujenzi, kwa kawaida kati ya tarehe 23 na 27. Ya tatu ni ya nguo, viatu, vitu vya kuchezea watoto na vyakula. Anayefika katika awamu isiyo yake atatembea kumbi za Pazhou mpaka miguu ivimbe bila kuona beseni hata moja.

Wageni wengi kutoka kwetu hupendelea Oktoba, kwa sababu ndipo wanapoona fedha. Lakini hebu tuifuate shehena ya Oktoba. Umeweka oda tarehe 25. Kiwanda kinahitaji siku 30 hadi 40, kwa hiyo mali inatoka mwanzoni mwa Desemba. Kukusanya mzigo, kupakia na kusafiri baharini hadi Dar kunaweza kuchukua mwezi mmoja na zaidi. Kutoa bandarini, weka wiki mbili. Uko mwishoni mwa Januari au Februari. Mvua zinanyesha, wazazi wamemaliza hela kwenye sare na mahitaji ya shule, na mkulima wa Kitura au Maguu anafikiria mbolea. Hatafuti seti ya vikombe. Tena hiyo ni kama kiwanda hakikuchelewa. Kikichelewa, unakutana na mwaka mpya wa Kichina ambao huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20, ambapo wafanyakazi wa viwandani huondoka kwenda kwao majimbo ya ndani siku nyingi kabla ya sikukuu yenyewe na wengine hukawia kurudi. Oda iliyokwama hapo hutoka Machi.

Shehena ya Aprili ni habari nyingine. Oda ya tarehe 25 Aprili inatoka kiwandani mwishoni mwa Mei, inafika Dar karibu na Julai, na mwishoni mwa Julai au Agosti iko dukani Mbinga. Uvunaji wa kahawa huku huanza karibu Mei au Juni na kuendelea hadi Septemba au Oktoba, na fedha za mauzo kupitia vyama vya msingi, yaani AMCOS, huanza kuonekana mitaani msimu wa minada ukishashika kasi. Mali yako imefika kabla ya mteja. Barabara ni kavu, na unakaa na miezi minne au mitano ya mauzo mbele yako.

Tatizo lake liko wazi: mwezi Aprili mfukoni hakuna kitu. Mwenye kutaka kwenda Aprili lazima aitenge fedha hiyo tangu Novemba na Desemba, wakati mauzo ni mazuri na kila mtu anataka kununua pikipiki. Ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika somo hili. Kukopa benki Machi ili ulipe Septemba kunawezekana, ila riba ya miezi hiyo sita iingizwe kwenye ile hesabu ya 1,912, kwani inaweza kuila tofauti yote.

Kwa mfanyabiashara wa Mbamba Bay, Liuli au Lituhi kalenda haibani namna hiyo. Fedha za dagaa na samaki huingia kidogo kidogo, zikifuata giza la mwezi na utulivu wa ziwa. Yeye anaweza kwenda msimu wowote, lakini achukue mali inayouzwa polepole mwaka mzima, si mali ya msimu. Na tangu lami ilipofika kutoka Mbinga, lori halimsumbui tena kama zamani.

Mji kwa mji

Guangdong si soko moja. Miji yake imejigawia bidhaa kama mafundi wa mtaa mmoja walivyogawana kazi, na mtu anayekaa Guangzhou siku zote 12 hununua kutoka kwa madalali wa miji mingine.

Hata hivyo, kituo cha kwanza ni Guangzhou. Ndege za Ethiopia kupitia Addis Ababa na za Kenya kupitia Nairobi hutua uwanja wa Baiyun. Waafrika wengi wamezoea kufikia eneo la Xiaobei, ambako kuna hoteli za bei nafuu, chakula cha halali, ofisi za wasafirishaji wa mizigo na watu wanaokijua Kiswahili cha biashara. Upande wa Sanyuanli na karibu na stesheni kuu ya reli kuna masoko ya nguo, viatu na mikoba. Idadi ya Waafrika ilipungua sana baada ya Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, ambapo wengi walitolewa katika nyumba na hoteli walizopanga. Kwa hiyo namba ya wakala uliyopewa na mtu aliyekwenda mwaka 2015 ihakikishe kwanza kabla ya kuitegemea.

Siku mbili za mwanzo usinunue. Tembea na daftari, uliza bei ya vitu vile vile katika maduka kumi, andika jina la duka, bei, idadi ya chini ya oda, na vipimo vya katoni. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kiingereza ni kidogo, Kichina chetu hakipo, lakini kalkuleta inaeleweka na kila mtu: muuzaji anaandika, unafuta, unaandika yako, anacheka, anaandika nyingine. Bei ya kwanza si bei.

Kutoka Guangzhou unaingia Foshan kwa treni ya chini ya ardhi. Njia hiyo ilifunguliwa 2010, na ni rahisi kuliko kutoka Mbagala kwenda Posta. Foshan ni vigae na vifaa vya bafuni, na kitongoji chake cha Lecong kina maduka ya samani yanayoendelea kwa kilometa kadhaa. Kwa mtu wa Mbinga, samani za Lecong ni za kutazama tu. Kochi linachukua nafasi kubwa ndani ya kontena na mbao nzuri ziko kwetu. Vigae vina kasoro nyingine: ni vizito, kontena linafikia ukomo wa uzito kabla ya kujaa.

Hapo tusimame kidogo, maana ndipo faida inapopatikana au kupotea. Anayechangia kontena hulipa kwa mita za ujazo, yaani urefu mara upana mara kimo cha katoni. Kontena la futi 20 hubeba kwa vitendo kama mita 28 za ujazo. Sasa beseni za plastiki zinazoingiana moja ndani ya nyingine hula nafasi ndogo, lakini ndoo zenye umbo lisiloruhusu kuingiana zinasafirisha hewa kutoka China mpaka Songea, na hewa hiyo umeilipia. Thermos nzuri ya bei ndogo inaweza kushindwa na vijiko vya bei kubwa. Kabla ya kukubaliana bei, omba vipimo vya katoni na idadi ya vitu ndani yake, gawanya gharama ya usafiri kwa kila kipande, ndipo ulinganishe. Muuzaji mzoefu atakupa vipimo hivyo papo hapo. Akisitasita, huyo hajawahi kusafirisha.

Kusini ya Foshan, katika eneo la Zhongshan, upo mji wa Guzhen ambao shughuli yake ni taa. Taa za ukutani, za darini, za barabarani, za sola. Mtaa baada ya mtaa hakuna kingine. Kwa vijiji vya Mbinga na Nyasa ambako nguzo za umeme hazijamfikia kila mtu, na hata zilikofika umeme hukatika, taa ya sola inauzika mwaka mzima, haivunjiki kirahisi na katoni yake ni ndogo. Jambo la kupima ni betri. Taa mbili zenye ganda moja zinaweza kuwa na betri tofauti kabisa ndani. Nunua sampuli, iache iwake usiku kucha hotelini, ifungue asubuhi. Kisha katika karatasi ya oda uandike uwezo wa betri, usiandike "kama sampuli" peke yake.

Shenzhen iko mpakani na Hong Kong, kama nusu saa au zaidi kidogo kwa treni ya mwendo kasi kutoka Guangzhou. Ilitangazwa eneo maalumu la uchumi mwaka 1980, pamoja na Zhuhai na Shantou za jimbo hilo hilo. Mtaa wa Huaqiangbei ni wa simu, spika, nyaya, vioo vya simu na vipuri vyake. Mzigo ni mdogo, thamani ni kubwa, na wengine huupandisha ndege. Lakini huko pia ndiko kwenye bidhaa zilizobandikwa majina ya makampuni makubwa ambayo hayakuzitengeneza. Tume ya Ushindani hukamata na kuteketeza mali ya namna hiyo bila kuuliza mtaji wako ulitoka wapi.

Mwenye siku za kutosha apande treni kwenda mashariki mwa jimbo. Chaozhou ni vikombe, sahani na vyombo vya udongo wa kichina, kazi ambayo mji huo umeifanya kwa karne nyingi. Vipande vya vyombo vya Kichina vilivyofukuliwa Kilwa vinaonyesha kuwa sisi ni wateja wa zamani. Jirani yake, Chenghai ya Shantou, ni vitu vya kuchezea watoto. Asiye na siku za kutosha asiende. Treni na hoteli za siku mbili kwa ajili ya katoni 20 za vikombe ni hasara.

Vitu vidogo vidogo vya kuchanganya katika kontena moja, kama vifungo, vibanio, kalamu na vyombo vya jikoni, wengi huvifuata Yiwu, katika jimbo la Zhejiang kaskazini zaidi. Ukishindwa kuchagua kati ya Guangdong na Yiwu, chagua moja. Kuyafanya yote mawili katika siku 12 ni kuzunguka na masanduku tu.

Fedha, karatasi na marufuku

China watu hulipa kwa simu. Tangu 2023 imekuwa rahisi zaidi kwa mgeni kuunganisha kadi yake ya benki na Alipay au WeChat, lakini fanya hivyo na ujaribu ukiwa bado Tanzania. Malipo ya kiwanda ni jambo jingine. Kawaida ni asilimia 30 mwanzo na 70 kabla ya kupakia. Lipa kwa benki, kwenye akaunti ya kampuni yenye jina lile lile lililo kwenye ankara. Ukiambiwa utume kwenye akaunti ya binamu yake aliyeko mji mwingine, simamisha. Ile asilimia 70 isitoke mpaka mtu wako ameufungua mzigo na kuhesabu, kwani baada ya hapo huna tena cha kumshikia muuzaji.

Uliza bei hiyo inaishia wapi. Bei ya langoni mwa kiwanda haina lori la kufika bandarini. Bei ya FOB inakufikishia mali melini, Nansha au Yantian. CIF ina bima na meli hadi Dar. Watu hulinganisha bei tatu za namna tatu kisha hushangaa.

Baadhi ya bidhaa huhitaji cheti cha ubora kabla ya kuondoka China chini ya utaratibu wa TBS. Muulize wakala wako wa forodha wa Dar kabla ya safari, umpe orodha. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Na kwa ndugu zetu wa ziwani: nyavu za uzi mmoja wa plastiki utaziona kwa bei ya kutupa, lakini kanuni za uvuvi zimezikataza, na zikikamatwa huchomwa.

Wapo wanaouliza kama wanaweza kwenda na kahawa badala ya kwenda na dola. China iliondoa ushuru wote kwa bidhaa za nchi zenye maendeleo duni zilizo na uhusiano nayo, Tanzania ikiwemo, kuanzia Desemba 1, 2024. Na Luckin, kampuni ya migahawa ya kahawa yenye makao yake Xiamen katika jimbo jirani la Fujian, ilipita maduka 20,000 mwaka 2024. Lakini kuuza nje kunahitaji leseni ya Bodi ya Kahawa na kiasi cha kujaza kontena, kazi ya chama zaidi kuliko ya mtu mwenye duka. Kilo mbili za kahawa iliyokaangwa na anuani ya AMCOS yako hazikuzuii kitu kwenye begi.

Kwa watatu wanaokwenda kwa mtaji wa pamoja, lipo jambo moja la kumaliza nyumbani kabla ya viza. Kila mmoja achague alama yake, herufi mbili na namba, ipigwe na kiwanda juu ya kila katoni pande mbili. Orodha ya mzigo iandikwe kwa alama hizo, na nakala ibaki Mbinga kwa wawili wasiosafiri. Na muandikiane mapema, mbele ya shahidi: katoni ikivunjika au ikipotea njiani, hasara ni ya mwenye alama au inagawanywa kwa mtaji?